Maneno Yasiyo na Ncha

Kazini walimwita Mashine, na jina hilo alilipenda. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika yaliyosemwa mahakamani: anavaa hedfoni, anakanyaga pedali ya kurudisha sauti nyuma, na vidole vyake vinawafuata mashahidi na mawakili bila kukosa hata kikohozi. Wenzake walimtania kwamba hata akisinzia vidole vinaendelea.

Kisha karatasi moja ikarudishwa. Mkuu wa ofisi aliiweka mezani pake, akagusa mstari mmoja kwa kalamu. Mshtakiwa alikuwa amesema, "Sikumpiga." Mashine alikuwa ameandika, "Nikampiga."

"Nisingelinganisha na maandishi ya hakimu," mkuu akasema, "mtu huyu tungemfunga sisi."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Mashine alikisikiliza kile kipande mara tano, na mara zote tano alisikia nikampiga. Akazitazama hedfoni za ofisi, sifongo imebanduka, waya umefungwa utepe, akajiambia kosa liko pale.

Wiki hiyohiyo alimwendea mtu aliyekuwa akifunga studio yake ya kurekodia, akanunua hedfoni zake kubwa, nzito, zenye waya wa kujikunja kama chemchemi. Alipozichomeka kwenye kompyuta, sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Hapo ndipo wenzake walipomwambia kwamba kompyuta yake inahitaji kadi ya sauti, kifaa cha kuipa sauti nguvu, ya kuendana nazo. Jumamosi asubuhi akabeba vyote, akaenda kwa fundi.

Fundi alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi. Alizigeuza hedfoni, akasoma maandishi madogo pembeni.

"Mama, hizi ni za studio, zinataka kusukumwa. Tundu la kompyuta yako halina nguvu hiyo. Tutajaribu kadi tatu, uchague mwenyewe kwa masikio yako. Usichague kwa sura ya boksi."

Ya kwanza ilikuwa afadhali kidogo. Ya pili ilivuma chinichini. Ya tatu, kiboksi cheusi kisichozidi kiganja, ilijaza sauti mpaka akashtuka. Fundi alikuwa amejirekodi akisoma gazeti, naye Mashine akaandika anachosikia, kama afanyavyo kazini.

"Vipi hiyo?"

"Sauti ni kubwa," akasema. "Lakini maneno hayana ncha. Huna nyingine?"

Fundi akakisoma alichoandika Mashine, akaona makosa. Akakisoma tena. Kisha akageuza hedfoni, ya kulia ikawa kushoto, akamwomba arudie, na makosa yakawa yaleyale. Akaunganisha spika ndogo ya dukani ili naye asikie.

"Nitakupigia mlio unaopanda kutoka chini kwenda juu. Ukiisha, niambie."

Ulianza kama ngurumo, ukapanda, ukawa mluzi, ukazidi kuwa mwembamba, ukaisha.

"Umeisha," akasema, akavua hedfoni.

Kwenye kioo cha kompyuta mstari ulikuwa bado unatembea. Mteja aliyekuwa ameegemea kaunta alikuwa amekunja uso na kuziba masikio kwa mikono miwili.

"Bado unalia?" Mashine akauliza.

"Bado, mama."

Akauzima. Alivuta kiti akakaa mbele yake. "Kadi naweza kukuuzia, lakini nitakuwa nakuibia. Nenda ukapimwe masikio. Wengi huanza hivi: sauti nene wanazisikia, nyembamba zinapotea. S inapotea, f inapotea. Tena kwenye simu ndiyo taabu zaidi."

Alitamka neno simu bila nia yoyote, lakini lilimpiga Mashine kifuani. Mama yake alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Katika mwaka wake wa mwisho, kila walipoongea, Mashine alikuwa akisema mtandao mbaya, mama, nitakupigia kesho. Na siku ya msiba, mdogo wake, fundi cherehani, alimkabili mbele ya watu: "Mama alikwambia mwenyewe kwamba anaumwa. Nilikuwa nimekaa palepale kitandani." Yeye akaapa kwamba hakuambiwa kitu. Tangu siku ile ndugu wawili wa tumbo moja hawakujuliana hali.

Aliziacha hedfoni juu ya kaunta, akatoka. Fundi alimwita. Hakugeuka.

Mdogo wake alikuwa akishona sare za shule. Alimwona dada yake mlangoni, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Simamisha, tafadhali," Mashine akasema. "Sisikii."

"Lini uliwahi kusikia?"

"Ndicho nilichokuja kukuambia."

Akamweleza yote: karatasi ya mahakama, kadi tatu, mlio ambao kila mtu dukani aliusikia ila yeye. Mdogo wake aliondoa mguu kwenye cherehani. Kitambaa cha bluu kilibaki kimebanwa chini ya sindano.

"Niambie alisema nini," Mashine akaomba. "Polepole. Nitazame ukisema."

"Dada, acha."

"Niambie."

"Alisema kifua kinambana. Akasema usisubiri mwisho wa mwezi, njoo."

"Nami nikamjibu nini?"

Mdogo wake alifuta uso kwa kipande cha sare. "Ukasema, 'Haya mama, na wewe pia.' Ukakata."

Mashine aliinamisha kichwa.

"Mama alicheka," mdogo wake akaendelea. "Akasema, huyu kachoka na kazi, mwacheni. Na mimi simu nilikuwa nayo mkononi, dada. Ningekupigia palepale. Nilikasirika. Nikasema, kama hajali, basi. Zikapita siku nne, mama akatutoka."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake siku ile. Walilia, kila mmoja kwa lake.

Hospitalini alipimwa, akaambiwa ni mishipa ya ndani ya sikio, kilichopotea hakirudi. Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni, kinachomsaidia chumbani na kumsumbua barabarani. Jumatatu iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa mkuu, akaomba aondolewe kwenye kazi ya kuandika rekodi. Walimhamishia stoo ya majalada, kugonga mihuri na kupanga kwa namba. Kwenye kiti chake amekaa binti mgeni mwenye kasi ya kawaida tu.

Mdogo wake humtembelea Jumapili. Hukaa uso kwa uso, karibu na dirisha penye mwanga, wakaongea habari za watoto na bei ya vitambaa. Habari ya simu ile hawajaigusa tena.