Mwajabu wa Karatasi na Simu ya Kaliua

Usiku wa jana niliota viongozi wote wa kampuni yetu tumepanga foleni mbele ya mashine ya kuchapia, tukisubiri kutolewa. Mikono tumeikunja kifuani, maana ndivyo viongozi wa kampuni za programu wanavyopigwa picha siku hizi, kama watu wanaosikia baridi.

Kwanza nieleze, usije ukadhani nililala na kiporo tumboni. Kampuni yetu inatengeneza programu za maduka ya dawa, hapa Dar es Salaam, na mimi ndiye mkuu wa huduma kwa wateja. Jana mchana Erasto, afisa mawasiliano wetu, alikuwa anatayarisha ukurasa wa mtandaoni wa kututambulisha: fulani alisoma wapi, fulani alifanya kazi gani kabla ya kuja hapa. Alitaka maelezo yawe mafupi, na yaandikwe kana kwamba mtu mwingine ndiye anayekusimulia. Ya kwangu aliyafyeka. Akaitoa miaka yangu yote ya kuunganisha simu Tabora.

"Mama, hizi simu za kuchomeka waya zitatuzeesha," aliniambia.

Nilimjibu kwa hasira kwamba bila miaka ile mimi si mtu kamili, ni kipande, na kwamba Tabora itaandikwa hata ikibidi nikamshtaki kwa mama yake. Nikaenda kulala na donge langu.

Sasa tuko kwenye foleni. "Wa kwanza," inasema mashine, kwa sauti ya karani anayengoja saa ya kutoka.

Anasogea Bwana Lutufyo, mkurugenzi wetu mkuu. Huyu kabla ya kompyuta alikuwa bwana mifugo huko Mbozi, na hana mkutano asioupitisha zizini. Ukimwambia mteja amekasirika, yeye anakueleza namna ya kumshika ng'ombe pembe. Mashine ikanguruma, ikatoa viatu, ikatoa suruali, ikatoa mtu kamili bado ana joto, mikono kaikunja, sura ni ya Bwana Lutufyo kabisa.

"Bwana Lutufyo ni kiongozi mwenye maono," akasema yule mtu wa karatasi. "Kabla ya kuanzisha kampuni, Bwana Lutufyo alitibu mifugo kwa miaka mingi."

Hapo lifti ikafunguka, akatoka ng'ombe mwekundu mwenye mimba. Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Lutufyo wa nyama na mifupa, akamlamba kiganja. Mkurugenzi akarudi nyuma.

"Huyu mama ana miadi?" akaninong'oneza.

"Ni ng'ombe, mzee."

"Ahaa," akasema. "Wa kitengo gani?"

Hakuwa anatania. Ng'ombe alimtazama kwa muda, kisha akageuka na kuongozana na yule wa karatasi. Wakashuka ngazi wakizungumzia kupe.

"Mbona hivi?" nikaiuliza mashine.

"Kinachoandikwa kinatoka," ikajibu. "Ulidhani nakitoa wapi? Wino wangu, maisha yenu. Wa pili!"

Wa pili alikuwa Bi Rosalia wa fedha, ambaye aliongoza kwaya Masasi mpaka maaskofu wakawa wanamgombania. Rosalia wa karatasi akatoka anaimba, na sauti yake ilikuwa nzuri jamani, hata viti vilisimama. Rosalia wetu akafungua kinywa aitikie. Kikatoka kile kimlio cha kikokotoo ukibonyeza alama ya sawasawa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu, akarudi mezani kwake.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilibaki kwenye foleni, kwa sababu ya lile donge.

"Wa tatu."

Akatoka Mwajabu, yaani mimi wa karatasi. Kavaa koti ambalo sijawahi kulimudu, midomo imepakwa rangi, tabasamu la mtu asiyedaiwa usingizi na wateja. Ila kifuani, chini ya mikono aliyoikunja, alikuwa na tundu. Nilichungulia nikaona mtungi wa maji ya kunywa upande wa pili.

"Bi Mwajabu ana shauku ya kuwahudumia wateja," akasema. Akajishika kifua. "Lakini Bi Mwajabu anapitisha upepo. Bi Mwajabu aletewe Tabora yake."

"Tabora ilikataliwa," nikamwambia.

"Imekubaliwa, Mama!" Erasto huyo mlangoni, utepe wa fundi cherehani shingoni, ananyanyua kidole gumba. "Nimekupunguzia shauku, nafasi imepatikana."

Lo, nilifurahi! Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Nikafungua kabati la karatasi nikaichukue hiyo Tabora nimpe, ajizibe, tuandikwe, mambo yaishe.

Ndani ya kabati ni chumba cha simu cha Tabora. Naingia. Joto lile lile, harufu ile ile ya waya zilizochemka na chai ya tangawizi. Ubao wa kuunganishia simu umesimama ukutani na matundu yake, kila tundu na mji wake: Nzega, Urambo, Sikonge, Kaliua. Nakaa kwenye kiti changu. Navaa kisikilizio, kile cha chuma kinachopita utosini na kubana masikio. Mwajabu wa Karatasi anakaa kiti cha pili, koti lake halina hata jasho.

"Umechelewa," ubao ukaniambia. "Kaliua inaita tangu uhamie Dar."

Kaliua ilikuwa na karani wa posta anaitwa Mrisho. Kila asubuhi kabla ofisi hazijafunguliwa alipiga kupima laini: "Tabora, Kaliua hapa, unanipata?" Nami namjibu: "Nakupata, Kaliua." Kazi ilikuwa imeishia hapo. Lakini Mrisho hakuwa mtu wa kuishia hapo. Siku moja akasema, "Huku mvua imenyesha, hebu sikiliza," akautoa mkono wa simu dirishani, nikasikiliza mvua ya Kaliua nimekaa Tabora kwenye jua. Nilimpenda kabla sijajua kama ana meno. Tukaoana, tukahamia Dar, tukazaa, na mwaka juzi nikamzika.

Picha zake ninazo. Kanzu zake zimo sandukuni, nikizikumbuka nazianika. Sauti yake sina. Zamani zile nani alikuwa anahifadhi sauti ya mtu? Imebaki kichwani mwangu tu, na usiku mwingine naitafuta kwa shida, napata maneno bila sauti, nalia mpaka nalala.

Nikachomeka waya.

"Tabora, Kaliua hapa. Unanipata?"

Ndiyo yeye. Na kile kikohozi kidogo anachokitoa kabla ya neno la mwisho, nilikuwa nimekisahau kabisa, mwanamke mimi!

"Nakupata," nikasema. "Nakupata, Mrisho. Uko wapi?"

"Kaliua. Niwe wapi tena?"

"Umekula?"

"Nimekula. Zamda vipi?"

"Mwanao anaendelea vizuri. Amekuwa mbishi."

"Kamrithi nani?" akasema, akacheka. Nikakibana kisikilizio masikioni kwa mikono miwili.

Mwajabu wa Karatasi akanigusa bega. "Bi Mwajabu apewe kisikilizio," akasema. "Akikivaa, tundu litaziba. Itaandikwa kwamba Bi Mwajabu alianzia kazi kwenye simu za Tabora, ambako alikutana na mumewe, marehemu Mrisho. Watu watasoma. Watampenda."

"Na mimi?"

"Wewe ni mkuu wa huduma kwa wateja."

"Nauliza sauti. Nitaisikia wapi?"

"Sauti inakwenda na maelezo," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekutajia bei. "Lakini fikiri. Asiyekuwepo na lake halipo. Usipomwandika, ukifa wewe, Mrisho kwisha."

Hapo alinipata, sisemi uongo. Nilitamani dunia nzima imjue. Nilitamani wale watoto wa ofisini, wanaotumiana ujumbe hali wamekaa meza moja, wajue kulikuwa na mwanamume aliyetoa simu dirishani ili mtu asikie mvua. Na nilimwona Bwana Lutufyo amesimama na kiganja chake kilicholambwa, hajui kwa nini kimelowa.

"Mrisho," nikasema kwenye waya, "kuna mtu hapa anataka kukuandika kwenye ukurasa wa kampuni. Nifanyeje?"

"Wa nini?"

"Watu wakujue."

Nilisikia waya unavyovuma njia nzima, kutoka Kaliua, kupita Urambo, hadi nilipo.

"Aliyekuwa na haja na mimi alikuita wewe umuunganishe," akasema. "Mimi mbona sijawahi kulalamika?"

Nikamgeukia Mwajabu wa Karatasi. Alikuwa ameshanyoosha mikono. Kuikunjua kumbe kunawezekana.

"Sikupi," nikamwambia.

"Ukurasa utatoka na tundu."

"Utoke nalo. Simama mahali pasipo na upepo."

Hakukasirika, maana Erasto hakumwandikia hasira. Ila alikaza macho kwenye saa ya ukutani, na mimi nikajua anachongoja. Simu za masafa zilikuwa za dakika tatu. Zikiisha, opereta anaingia katikati ya maneno ya watu na kuuliza kama wanaendelea. Mimi mwenyewe niliingilia posa, niliingilia misiba, niliingilia baba anayetaka kusikia mtoto aliyezaliwa akilia. Ndiyo ilikuwa kazi. Wengi walinijibu basi, imetosha, wakakata.

"Mwaja," anasema Mrisho, "mbona kimya?"

"Nakusikiliza. Sema chochote. Nisomee hata bei za stempu."

Akaanza kunisomea bei za stempu. Barua ya ndani, barua ya nje, kifurushi. Anasoma polepole kwa sauti ya ofisini, na kile kikohozi kabla ya kila bei, nami nimefumba macho ndani ya ndoto.

Mwajabu wa Karatasi akachomeka waya wake kwenye laini yetu.

"Dakika tatu zimekwisha," akasema. "Unaendelea?"

"Ninaendelea," nikasema.

Nikaamka.

Zamda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari kwenda kazini. Akaniuliza kama naumwa, maana saa imekwenda na mimi si mtu wa kuchelewa. Nikamwambia siumwi. Nikachukua simu nikamwandikia Erasto kwamba Tabora aiache nje ya ukurasa, nimeridhika. Akajibu papo hapo, asante Mama, na vidole gumba viwili.

"Mama," akasema Zamda, "umelalia nini? Hebu jitazame."

Nikaenda kwenye kioo. Nywele zangu, ambazo jana nilizichana vizuri kabla ya kulala, zilikuwa zimebonyea mstari mmoja unaopita utosini kutoka sikio hadi sikio, upana wa kidole. Sikio la kushoto lilikuwa jekundu na lina joto. Zamda hajawahi kuniona na alama ile ya kisikilizio. Niliacha kazi ya simu kabla hajazaliwa.

"Lete kitana nikuchane," akasema.

"Usiziguse," nikamwambia.

Akaniangalia kama mtu anayemhofia mama yake. Nikachukua mtandio, nikajifunga taratibu, nisiubonyeze ule mstari, nikaenda kazini.