Mildred wa Pili

Mildred Tapsell alikuwa amekata shauri: mjukuu wake hataitwa Mildred, liwalo na liwe. Yeye mwenyewe alilibeba jina hilo tangu enzi za vita vya pili vya dunia, na halikumletea ila karaha. Shuleni huko Kent, wenzake wote wakiitwa Susan na Jean, yeye alipewa jina la shangazi wa baba yake, na watoto wakamwita bibi kizee kabla hata meno yake ya utotoni hayajaisha kung'oka.

Sasa mwanawe Duncan na mkewe Fern walitaka kumtwisha mtoto mchanga mzigo uleule, tena wakidhani wanampa bibi zawadi. Alipopinga, walicheka. Basi akaacha ubishi, akapanga hila moyoni. Yeye ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo, na kasisi wao alishikilia ibada ya zamani: humgeukia mama wa ubatizo na kumwambia ataje jina, na jina analolitaja ndilo mtoto analobatizwa nalo. Mildred angesema Rose. Wakitaka kununa, wanune baadaye.

"Mbona umevimba?" mumewe Len alimuuliza Jumapili hiyo asubuhi, akihangaika na tai.

"Sijavimba. Nawaza."

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Jikoni, Fern alikuwa akipaka pambo jipya la sukari kwenye keki. Ilikuwa ngazi ya juu ya keki ya harusi yao, waliyoiweka makusudi kwa siku ya ubatizo kama ilivyo ada. Mildred akachukua kisu amsaidie.

"Fern mwanangu, jina hilo la nini? Watoto siku hizi wanaitwa Poppy, wanaitwa Isla. Huyu atachekwa."

"Mama, unajua maana yake?"

"Maana yake ni mimi. Basi, imetosha."

"Nilitafuta. Ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale kabisa, yameunganishwa. Moja upole, la pili nguvu."

"Nguvu! Mimi ambaye hata chupa ya jamu inanishinda?"

Fern hakucheka. "Mama yangu alipofariki, ulikuja kila siku. Hukuniuliza naendeleaje, hukuniambia nijikaze. Uliosha vyombo, ukachemsha viazi, ukakaa nami. Siku ile nilipokurushia sahani, uliokota vipande, ukabandika birika la chai. Nilikuwa natafuta neno la kitu kile. Kumbe ndilo jina lako."

Mildred aliinamia keki. Akapitisha kisu palepale mara mbili.

"Sahani yenyewe ilikuwa mbaya," akasema hatimaye.

Kanisani, kasisi alimpokea mtoto mikononi, akamgeukia Mildred. "Mpe jina mtoto huyu."

Rose lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mildred akamtazama mtoto. Alikuwa amelala fofofo, lakini ngumi yake ndogo ilikuwa imeng'ang'ania joho la kasisi wala haikuachia.

"Mildred," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mabenchi ya nyuma. Hata Len alisikia, ingawa kifaa chake cha kusikia alikuwa amekisahau nyumbani.

Kasisi akachota maji. "Mildred, nakubatiza..."

"Naam!" akaitika bibi, kabla hajajizuia.

Kanisa zima likaangua kicheko, mtoto akaamka akilia. Mildred naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Katika maisha yake yote, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuliitika jina lile bila kukunja uso.