Mwimbaji Asiyepumua

"Waheshimiwa wanafunzi, walimu watukufu, wapishi wetu wapendwa! Mchana huu historia ya shule yetu inakatika vipande viwili: kabla ya Otowa Shirabe, na baada yake. Binti huyu ni mgeni wa darasa la pili, na haya zake hazimruhusu kuonekana hadharani. Tafadhali wekeni vijiko chini."

Hakuna aliyeweka vijiko chini. Ilikuwa siku ya wali wa kari, na mtangazaji mwenyewe, Itsuki, katika chumba cha redio ya shule juu ya bwalo, alikuwa na shavu limejaa mkate.

Shirabe hakuwa mgeni wa darasa lolote. Alikuwa sauti ya kompyuta, programu inayouzwa pamoja na picha ya msichana mwenye nywele za zambarau. Unampa noti na silabi, naye anaimba. Aliyemwimbisha ni Wakana, ambaye wakati huo alikuwa amejikunyata chini ya meza ya mitambo, masikio kayaziba. Likizo nzima ya kiangazi alikuwa akitunga wimbo huu, akivuta silabi moja moja na kuitetemesha mpaka ikalia kama mtu. Bahati mbaya, redio ya shule ilipiga nyimbo zilizoimbwa na wanafunzi tu. Ndiyo maana Itsuki akamzaa mwanafunzi.

Wakana naye alikuwa na sharti lake. "Wakicheka, naufuta. Sibakizi hata noti."

Wimbo ukaanza. Kelele za bwalo zikapungua, zikafa. Sasa vijiko vikawekwa chini. Ulipokwisha, bwalo zima lilipiga meza likitaka tena, na Itsuki akamvuta Wakana kutoka mafichoni.

"Unasikia? Wee, unasikia?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguka. Mwalimu Onodera wa kwaya alikuwa anahema kwa kupanda ngazi.

"Yuko wapi huyo mtoto? Beti nzima hajavuta pumzi! Mapafu gani yale? Mashindano ya kwaya yako karibu, namtaka!"

"Ana mafua, Mwalimu," Itsuki alisema kwa huzuni kubwa.

"Mafua, na pumzi ile?"

Mwalimu alipoondoka, Wakana alishika kichwa. "Nimesahau pumzi! Wenzangu wote wanaomwimbisha huwa wanampachikia pumzi zao wenyewe. Mimi naona aibu kujirekodi."

"Aibu ni ugonjwa wa watu wa heshima," Itsuki alisema. "Mimi mzima. Nipe kinasa sauti."

Akaenda bwenini, akajifungia katika kabati la magodoro, na humo akavuta pumzi kwa ajili ya sanaa mpaka kizunguzungu kikamshika.

Kesho yake Shirabe aliimba tena, safari hii akipumua kama binadamu. Itsuki alijiona amemshinda Muumba. Wimbo ulipofika mwisho, Mwalimu Onodera aliingia taratibu, bila kuhema, akitabasamu. Tabasamu hilo halikumpendeza Itsuki.

"Vuta pumzi, Itsuki."

"Mimi, Mwalimu?"

"Wewe. Kama darasani kwangu."

Itsuki akavuta. Mabega yakapanda, midomo ikafyonza.

"Ehee! Kila siku nakwambia pumua kwa tumbo, nawe unapumua kama mtu anayefyonza tambi za moto. Huyo Shirabe wenu kajifunzia wapi kufyonza tambi?"

Kutoka bwaloni kikapanda kicheko kama mtutumo. Itsuki akageuka. Taa nyekundu ya maikrofoni ilikuwa inawaka. Alisahau kuizima, na shule nzima ilikuwa imesikia kila neno.

Wakana hakuona taa. Alisikia kicheko tu. Akadhani wanaucheka wimbo, mkono wake ukaenda kwenye kompyuta, na kwenye kioo swali likatokea: wimbo ufutwe?

"Wakana, ngoja!"

Itsuki akaukamata mkono wake, na kwa mkono wa pili akajivutia maikrofoni. Safari hii hakutafuta maneno makubwa.

"Jamani, nisikilizeni. Hakuna mwanafunzi anayeitwa Otowa Shirabe. Nilidanganya jana na nimedanganya leo. Ile ni sauti ya kompyuta. Wimbo ni wa Wakana, wote, maneno na muziki, na kila silabi mliyoipigia meza kaitengeneza yeye. Pumzi tu ndizo zangu, nilizirekodi ndani ya kabati la magodoro. Kwa hiyo mkitaka kucheka, chekeni pumzi."

Kule chini meza zikaanza kupigwa tena, bwalo likiutaka wimbo, na Wakana akabonyeza: hapana.