Malkia Chini ya Kitanda

Zilizobaki ni shanga tu. Zilikaa juu ya tope kavu safu kwa safu, nyeupe, buluu, nyekundu, vilevile zilivyoshonwa, lakini ngozi iliyozishikilia haikuwepo. Nosim aligusa safu moja kwa kidole. Ikasambaratika, shanga zikabingirika hadi uvunguni mwa kitanda cha fito.

"Zamda! Njoo uone mchwa, ndugu zako, walivyofanya!"

Zamda aliinama mlangoni, akaingia. Hakuhitaji kuonyeshwa. Harufu ya uyoga na udongo uliolowa ilikwisha kumwambia.

Alikuja Arusha na msafara, nyuma ya mume aliyebeba mizigo ya Wadachi mpaka kifua kikamuua. Nosim ndiye aliyempa mjane huyo pa kukaa, kando ya migomba yake, akampa na kichuguu kilichosimama mpakani, kirefu kuliko mtu. "Chukua. Sisi hatuli wadudu," alisema akicheka. Basi kila masika Zamda alikifunika kwa majani ya mgomba, akakipigapiga kwa vijiti, taratibu, mpaka mchwa wakadhani mvua inanyesha. Kumbikumbi wakamiminika na mbawa zao, moja kwa moja ndani ya shimo alilowachimbia. Majirani walipita wakiziba pua. "Mnyamwezi anawapigia wadudu ngoma!" Yeye alikaanga, akaanika, akala. Hakubisha hodi kwa mtu kuomba unga.

Kisha ikaja barabara ya boma. Ilipita katikati ya nyumba ya Nosim, na askari walioibomoa hawakungoja hata vyungu vitolewe. Palipobaki pa kujenga ni pale penye kichuguu.

"Kivunje," Nosim alimwambia. "Na malkia umtoe. Wewe ndiye unayemjua."

Alimjua kweli. Wapo mchwa wa mbugani wanaokata nyasi mchana kweupe, wapo wadogo wanaozaliwa na kufa ndani ya gogo moja kavu. Lakini hawa wa kichuguu mji wao uko chini, na malkia akiwa hai, kuwabomolea ni kuwapa kazi tu. Zamda alichimba hadi jembe likagonga chumba cha malkia, udongo mgumu kama chungu kilichochomwa. Akasimama. Akawaza masika yajayo, kumbikumbi wakijitokeza pembeni mwa nyumba, wachache, lakini wake. Akafukia, akashindilia kwa miguu.

"Nimemtoa," alisema.

Nosim alimshukuru kwa kibuyu cha maziwa. Zamda akayanywa yote. Sasa, akiwa amesimama juu ya zile shanga, aliyakumbuka maziwa yale.

Bibi Namnyaki, mama mkwe wa Nosim, alikuwa amekwisha kuingia. Alitazama, akatikisa kichwa.

"Ngozi ya bibi harusi hailiwi bure. Muulizeni binti yenu amefanya nini."

"Sijafanya kitu, bibi!" Soila alilia kutoka nje. Alikuwa bado na mzigo wa kuni mgongoni.

"Nyamaza! Mchwa wamepita vigoda, wamepita kitanda, wakaenda kwenye ngozi yako tu? Wakwe zake, watu wa Saning'o, wakisikia hawamchukui mke huyu. Nami sitawaficha. Jioni hii naenda kuwaambia wenyewe."

Nosim alimgeukia Zamda. "Wewe unawajua. Malkia ulimtoa. Hawa wametoka wapi?"

Ilikuwa rahisi kusema hawajulikani walikotoka. Wangeamini. Soila angeulizwa, angelia, angeulizwa tena, na safari hii wakwe wangekuwepo. Zamda alitoka nje, akampita msichana bila kumtazama usoni, akarudi na jembe. Akavuta kitanda.

"Mama Soila, sogea."

"Unanichimbia nyumba?"

"Nachimba nilipoachia."

Jembe lilishuka. Yalitokea masega ya uyoga ambao mchwa huulima, meupe, laini, na askari wa mchwa wakapanda mikononi mwa Zamda wakiuma bila kuachia. Hakuwapangusa. Alipofika kwenye kile chumba kigumu alitupa jembe, akakivunja kwa vidole. Malkia alilala humo, mnene kama kidole gumba, akitweta, asiyeweza hata kugeuka. Mfalme wake mdogo alikuwa ubavuni na hakukimbia. Vibarua walikuwa wakimvuta mama yao gizani, wengi, kwa haraka, bure.

Zamda alimtoa, akamweka sakafuni mbele ya Bibi Namnyaki.

"Mwenye kosa ndiye huyu, na mimi niliyemwacha. Soila hana lolote."

Bikizee alimtazama mdudu, kisha akamtazama Zamda. Akatema mate, akatoka. "Tua kuni, mtoto," walimsikia akisema. "Utavunjika mgongo."

Nosim aliketi ukingoni mwa shimo. Akauvuta mkono wa Zamda uliojaa damu, akaanza kung'oa vichwa vya askari, kimoja kimoja, kwa kucha.

"Ulikunywa maziwa yangu."

"Nilikunywa."

"Nililainisha ngozi ile masika mazima. Kwa mikono hii."

"Nilikuona. Nitalainisha nyingine mimi, na shanga nitazishona mimi. Sitalala."

"Sijakuomba kazi. Niombe radhi."

"Kichuguu ulinipa, kisha ukakichukua."

"Barabara ilinichukulia nyumba!"

"Barabara haikuniambia nikivunje. Uliniambia wewe."

Nosim aling'oa kichwa kingine, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Nje, Soila alikuwa akipanga kuni.

"Radhi, Zamda. Neno moja tu."

"Siombi," alisema Zamda, akampa mkono wa pili.