Hori Lisilo na Samaki

Jumatatu asubuhi fundi wa boti alikuwa amelala chali chini ya kiti cha nyuma, skrubu tatu zimebanwa midomoni, akifunga spika asiyoitaka.

Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kutengeneza kimya. Boti alizoziandaa zilikuwa za kitako bapa, za kuvulia kwenye maji ya magoti, na kwenye maji ya magoti samaki husikia hata kijiko kikianguka. Kwa hiyo alitandika mpira sakafuni ili nyayo zisigonge. Ule mti mrefu wa kusukumia boti, upondo, aliuvisha turubai pale unapogusa ubavu. Bawaba za kasha la samaki alizitia mafuta hadi kifuniko kikafunguka kama kope ya mtu anayeamka. Wateja walisema boti zake hazina hata mlio wa mbao, naye alikuwa mwanamke asiyehitaji sifa nyingine.

Mteja wa safari hii alikuwa mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Alipiga tarumbeta kwenye bendi miaka thelathini na nne, mpaka meno ya mbele yakang'oka. Watu walimwita Mashavu. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akieleza kwa mara ya tatu kwamba boti bila muziki ni jeneza lenye upondo.

"Mjomba, samaki hawalipi kiingilio," alisema fundi, skrubu zikiwa bado mdomoni.

"Hata ukumbini nusu walikuwa hawalipi. Tulipiga vilevile."

Fundi hakumwambia mama yake boti hiyo ni ya nani. Mama na Mashavu walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja, na nyumbani kwa Mama hapakuwa na redio.

Kisa chao kilikuwa hori, ule mkono wa maji uliokuwa ukiingia ndani ya nchi kavu, na nyumba arobaini ukingoni, ya Mama ikiwa mojawapo. Halmashauri ilitaka kulifukia. Sheria ilikataza kufukia maji yenye samaki, basi ikapangwa siku ya kuwahesabu. Siku hiyohiyo halmashauri ikaandaa sherehe ya usafi wa ufuko, ikaleta bendi, na spika kubwa nne zikaelekezwa majini. Mashavu alisimama mbele. Wanaomfahamu wanasema hakuwahi kupiga vizuri kama siku ile. Samaki wakahamia maji ya kina. Mkaguzi akatupa wavu mara tatu, akaandika kwamba hori halina samaki. Jioni samaki walirudi, kila mtu akawaona, lakini ripoti ilikuwa imeshapigwa muhuri. Kabla mwaka haujaisha malori yalimwaga kifusi, nyumba arobaini zikavunjwa, na juu ya hori yakajengwa makazi yenye ukuta, geti na nyasi zinazomwagiliwa maji kila siku.

Boti ilipokuwa tayari, fundi na mjomba wake waliishusha majini kuijaribu. Fundi alikuwa amechora vipimo nyuma ya boti kuonyesha inazama kiasi gani. Ilizama sentimita kumi na nane, kama alivyotarajia. Mashavu akaweka wimbo wa zamani wa bendi yake. Ngoma zilipoanza, kipimo kikasoma kumi na sita. Mwimbaji alipoingia, kumi na mbili. Tarumbeta ilipoingia, kipimo hakikusoma kitu.

Fundi akainama kuchungulia. Maji yalikuwa chini, boti ilikuwa juu, na katikati palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Kereng'ende akapita humo.

"Imeelemea mbele kidogo," alisema.

Wakarudi karakanani, akahamisha betri.

Habari haikukaa. Wavuvi wengine walikuja kutaka spika, na fundi akawafungia, kwa sababu mvuvi anayepita bila kugusa matope anawahi kuliko anayegusa. Alijifunza kazi mpya polepole. Nyimbo za mapenzi zilinyanyua boti vizuri lakini ziliivuta kushoto. Taarifa ya habari iliizamisha sentimita tatu, hivyo akawashauri wateja kuisikiliza nyumbani.

Mashavu alikuwa na lake moyoni. Asubuhi moja, fundi akiwa kwenye upondo, alimwomba aelekeze boti kwenye ukuta wa makazi. Fundi alimtazama, kisha akaelekeza. Mashavu akaongeza sauti. Boti ikaupanda ukuta taratibu, kama mtu mzima anayepanda ngazi akiwa na mzigo, ikashuka upande wa pili na kutulia juu ya nyasi. Fundi akachomeka upondo. Uliingia kwenye nyasi mpaka kiwiko cha mkono wake bila kugusa chini.

Samaki walikuwepo. Mikizi walipita kwa safu chini ya nyasi, wakipinda pale palipokuwa na nguzo za gati la zamani, ingawa nguzo zilishang'olewa. Kifusi kilipomwagwa hawakuhama. Muziki haukuwakimbiza tena. Wengine walisogea karibu na spika. Fundi alitupa wavu ukadidimia kati ya bembea mbili za watoto, akavuta mikizi kumi na mmoja. Mwenye nyumba aliyekuwa akimwagilia maua alisogeza mpira wa maji ili boti ipite.

Kesho yake fundi alibeba ndoo ya samaki hadi halmashauri. Karani alimkaribisha kiti. Aliwapima samaki, akauliza wamevuliwa wapi, na fundi akajibu chini ya nyasi, mbele ya nyumba namba kumi na saba. Karani akaandika hivyo hivyo. Kisha akaeleza kwa upole kwamba ripoti ile ilihusu maji, na kwa kuwa maji hayo hayapo tena, hakuna kinachoweza kusahihishwa ndani yake. Samaki wa kwenye nyasi ni suala la bustani. Baada ya wiki mbili idara ya bustani ilitoa utaratibu: boti ziruhusiwe kupita kwenye makazi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kwa sauti isiyotikisa vioo, na nyavu zisitupwe penye maua.

Mama alijua kwa ulimi. Fundi alikuwa amempelekea mikizi wawili bila kueleza, na Mama alipoonja tu akaweka kipande chini. Samaki wa hori walikuwa na ladha ya tope jeusi ambayo hakuipata popote kwa miaka kumi na moja. Aliuliza nani kawavua. Fundi hakuwa amewahi kumdanganya mama yake, akasema ni yeye na Mashavu.

Alhamisi alfajiri Mama alitokea karakanani, viatu mkononi. Alipita mbele ya ndugu yake kama anayepita mbele ya kabati, akaingia kwenye boti, akaketi mbele kabisa akimpa mgongo. Mashavu aliamkia mgongo ule, "Shikamoo, Dada." Mgongo haukuitika.

Waliruka ukuta, wakapita bembea, wakavua samaki watano. Walipofika kando ya maegesho ya magari Mama alisema, "Zima."

Mashavu akazima. Boti ikaketi juu ya nyasi, na nyasi zikawa ngumu kama nyasi nyingine zote. Mama alishuka, akatembea hatua alizozijua yeye. Alikwepa ukingo wa mlango usiokuwepo. Alipofika mahali fulani kati ya gari jeupe na ua wa vichaka uliopogolewa alichuchumaa, akaomba kisu na samaki, akaanza kuparua magamba. Alikuwa jikoni kwake.

Mlinzi alikuja na daftari. Alisema boti zinaruhusiwa kupita, si kusimama. Fundi akamwomba asubiri mama yake amalize, naye akasubiri, akijaza fomu: boti moja, watu watatu. Mahali pa samaki palikuwa pamechapwa tayari, *hakuna*, kwa kuwa fomu zilitengenezwa kufuatana na ripoti. Mlinzi aliwatazama samaki, akaitazama fomu, akampa Mama aweke sahihi. Mama akaweka kidole chenye magamba.

Hapo ndipo Mashavu aliposhuka na kusimama nyuma yake.

"Dada, siku ile mimi sikujua."

Mama hakugeuka. "Asubuhi hukujua. Jioni samaki waliporudi ulijua. Na kesho yake ukavaa fulana ya sherehe ambayo halmashauri iliwapa."

"Niliivaa."

"Uliivaa mpaka ikapauka."

"Ndiyo, Dada."

Mama alinawa mikono kwenye bomba la maua, akawafunga samaki, akarudi kuketi palepale, mgongo uleule. Jua lilikuwa limepanda na saa tatu ilikaribia.

"Washa, twende," alisema. "Lakini usiniwekee ule wa tarumbeta."

Mashavu alitafuta, akapata kwaya. Kwaya hunyanyua boti kwa mbele tu. Upande aliokaa Mama ulipanda juu ya nyasi, ukawa mwepesi, na upepo ukampuliza usoni. Upande aliokaa Mashavu uliburura chini, ukichimba mfereji mwembamba katikati ya bustani mpaka ukutani, ambako fundi alishuka akasukuma.