Pikapu Isiyorudi Nyuma

Elkanah Shikanga alikuwa mtu wa heshima pale Kabras, na sehemu kubwa ya heshima hiyo ilitokana na namna alivyoendesha gari. Alikuwa na Pijo 404, pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na kwa miaka minne hakuna aliyewahi kumwona akiirudisha nyuma hata hatua moja. Watu waliliona jambo hilo wakalipa maana. Kanisani aliegesha uso wa gari ukitazama lango, na mchungaji akamtaja katika mahubiri kuwa mfano wa Mkristo aliye tayari kwa safari saa yoyote. Mjini Kakamega alilizunguka soko zima badala ya kugeuza mbele ya duka, na wenye maduka wakasema mzee yule hana pupa za kitoto. Nyumbani kwake alipasua ua akaweka lango la pili, la kutokea, kama bomani kwa DC, na majirani wakakubaliana kwamba pesa za miwa zimempanda kichwani, ila kwa adabu.

Ukweli ni kwamba pikapu haikuwa na gia ya kurudi nyuma.

Aliinunua Lumakanda mwaka wa themanini, wakati miwa ilipokuwa imeshika kweli kweli. Watu walikuwa wameng'oa mahindi, wameng'oa migomba, wamepanda miwa mpaka dirishani, na mtu alilala akiisikia ikisuguana na mabati. Mwenye gari, mkulima mmoja aitwaye Erastus, alikuwa ameliosha na kuliegesha likitazama barabara. Elkanah alipiga honi, akawasha mataa, akayapiga magurudumu teke kama alivyowaona wanunuzi wengine wakifanya, kisha akatia gia ya kwanza na kuondoka. Alikuja mpaka Kabras akiimba tenzi. Ni pale nyumbani, alipotaka kuirudisha kivulini, ndipo alipovuta mkono wa gia na kusikia sauti kama ya mtu anayetafuna kokoto. Alijaribu mara kumi. Halafu akashuka, akafunga mlango polepole, akamwambia mkewe Awinja kwamba gari hukaa vizuri zaidi juani.

Angeweza kusema. Lakini wiki moja kabla, mdogo wake Nehemiah alikuwa amemwonya mbele ya watu: "Baba Chrispinus, gari la bei hiyo lina neno. Lipeleke kwanza kwa fundi." Naye Elkanah akajibu, mbele ya watu hao hao, kwamba hatafundishwa kununua na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimpangusa kamasi. Baada ya maneno hayo, angeanzia wapi? Alimwendea fundi mjini kwa siri. Fundi akalala chini ya gari, akatoka akijifuta mikono, akasema giaboksi nzima ibadilishwe. Kila msimu wa mavuno ukaja na haja yake, na giaboksi ikawa inangoja.

Kwa hiyo alijifunza kuishi mbele tu. Alfajiri alipeleka maziwa Malava, mchana alibeba mbegu za miwa, au mashine ya kusaga ya mtu, au ndama aliyefungwa miguu, na kabla ya kuingia mahali popote alijiuliza atatokea wapi. Klachi ilitaka kukanyagwa mara mbili ndipo ikubali. Gia ya pili ilichomoka kwenye mteremko, kwa hiyo aliishika kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukibaki peke yake kwenye usukani, na abiria walidhani hayo ni madaha.

Mambo yangeishia kwenye kichekesho kama si ile siku ya Oktoba, mwaka huo huo wa themanini.

Nehemiah, kitinda mimba wao, ndiye aliyebaki katika boma la wazazi, kule chini karibu na kijito, pamoja na mama yao Khalayi. Njia ya kushuka huko ilikuwa moja, mtaro huku na mtaro kule, na miwa imesimama pande zote mbili kama ukuta. Gari moja likipita, la pili halina nafasi. Siku hiyo Elkanah alikuwa akishuka kumsalimu mama yake, na Nehemiah alikuwa akipanda na trekta, trela imejaa miwa. Wakakutana katikati. Nehemiah akapunga mkono: rudi. Elkanah akakaa. Nehemiah akapunga tena. Elkanah akatazama mbele, mikono juu ya usukani, kama mtu aliyeketi kwa picha. Mdogo akafikiri, basi ndivyo ilivyo, mkubwa hampishi mdogo. Akaanza kurudisha trekta yenye shehena, akiteremka, na trela ikapinda, ikaingia mtaroni, ikaivuta na trekta. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Alikataa katakata kuingizwa kwenye ile pikapu. Walimpeleka zahanati kwa baiskeli, mmoja akisukuma, wawili wakimshikilia.

Tangu hapo ndugu hao hawakuwa wakiamkiana. Elkanah hakushuka tena njia ile. Mama yake akipanda kwa miguu kuja kumwona, walizungumza juu ya mvua.

Ikafika miaka minne. Mama Khalayi akalazwa hospitali mjini Kakamega majuma matatu, na Alhamisi moja daktari akamwita Elkanah pembeni akamwambia amrudishe nyumbani akapumzike. Alilisema neno hilo, kupumzika, akitazama sakafu. Nehemiah alikuwa amepanga kuja Jumamosi kumwona, na hapakuwa na njia ya kumpasha habari. Elkanah alimbeba mama yake mikononi, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, akamkalisha mbele na kumfunika shuka.

"Twende kwangu, Mama. Awinja ametandika."

"Kwako ni kwako," Mama akasema. "Mimi nipeleke kwa nyumba yangu. Nataka nikifungua macho nione ile dari niliiangalianga."

Elkanah akawasha gari. Ile dari ilikuwa kule chini. Alikanyaga klachi mara mbili, akaondoka.

Walipokata kutoka barabara ya murram na kuanza kuteremka kati ya miwa, aliomba kimoyomoyo njia iwe tupu. Walikuwa wameshuka hatua mia hivi aliposikia mngurumo. Trekta ikajitokeza kwenye kona, trela imeshindiliwa miwa, wakata miwa saba wamekaa juu yake kama kuku juu ya kichanja. Dereva alikuwa Nehemiah. Akasimama. Pikapu na trekta zikabaki pua kwa pua.

"Rudi," Nehemiah akasema kutoka juu. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia katika miaka minne.

"Nimembeba Mama."

"Namwona. Nitamwamkia ukisharudi. Mimi huwa sirudishi tena hapa, wewe unajua."

Msimamizi wa wakata miwa, Wangila, akachungulia kutoka juu ya shehena. "Mzee Elkanah, rudi kidogo tu. Mizani ya miwa inafungwa, na hawa watu wangu hawajala tangu asubuhi. Wataanza kunila mimi."

Vijana wakacheka. Ndugu wawili hawakucheka.

Ndani ya gari, Mama alikuwa amefumba macho. "Kwa nini tumesimama?"

"Nehemiah yuko mbele, Mama. Ana mzigo."

"Basi rudi umpishe."

Elkanah hakusogea. Mama akafumbua jicho moja, akamtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazamwa mtoto aliyeficha kitu mgongoni. "Siku ile pia ulikaa hivi?" akauliza. Swali hilo hakuwahi kumuuliza.

Elkanah akafungua mlango akashuka. Uongo alikuwa nao tayari, na ulikuwa uongo mzuri. Angesema gia imekatika sasa hivi, dakika hii, hapa hapa. Vyuma huchoka. Nani angebisha? Wangemsukuma, wangempa pole, na ya mwaka wa themanini yangebaki yalipo.

Nehemiah naye alikuwa akishuka kutoka kwenye trekta. Kwanza aliuteremsha ule mguu, akiushika kwa mikono miwili chini ya goti, akauweka juu ya chuma cha kukanyagia, akangoja. Kisha akaushusha tena, akangoja. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa alikuwa amewakataza wote zamani. Elkanah hakuwahi kuuona mguu huo ukishuka. Alisimama akautazama mpaka ukagusa ardhi, na alipofungua kinywa, uongo haukuwapo.

"Haina gia ya nyuma," akasema.

"Imevunjika?"

"Haijapata kuwa nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu Lumakanda."

Juu ya trela Wangila alianza kucheka, akaona nyuso za chini, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Nehemiah aliitazama pikapu, kuanzia boneti hadi gurudumu, kana kwamba imeletwa mbele yake leo.

"Basi siku ile," akasema.

"Siku ile pia. Sikukataa kukupisha. Sikuweza."

"Na ukakaa kimya."

"Nikakaa kimya."

"Nikalala na plasta miezi mitano, nikijua ndugu yangu ameona afadhali nife kuliko yeye kurudi hatua kumi." Nehemiah alisema hayo polepole, bila kupandisha sauti. "Ungesema tu, Baba Chrispinus. Neno moja."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka. Ningekucheka mwezi mzima, na kanisani ningekucheka. Kisha ningekusukuma."

Upepo ulipita juu ya miwa, na trekta ikaendelea kunguruma peke yake.

"Wangila," Nehemiah akaita, "shusha watu."

Wakashuka wote saba. Mtu akataka Mama ashushwe kwanza ili gari liwe jepesi, na Mama akasema kutoka ndani kwamba yeye ana uzito wa kuku, wasimtafutie visingizio. Elkanah akarudi kwenye usukani, akalitoa gari kwenye gia, akaachilia breki. Vijana wakaegemeza mabega yao kwenye boneti. Wangila alimwambia Nehemiah apumzike, mguu huo si wa mlima. Nehemiah akamsogeza kando kwa kiwiko, akachukua nafasi ya katikati.

Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Elkanah kuiendesha hivyo, na hakujua namna yake. Alipindua shingo kuitazama njia nyuma, akakata usukani upande usio wake, gurudumu likaenda kulamba ukingo wa mtaro. "Kulia," Nehemiah akasema akihema. "Kulia kwako. Sasa nyoosha." Elkanah akanyoosha. Kila alipogeuka kutazama mbele, uso wa mdogo wake ulikuwa pale upande wa pili wa kioo, umelowa jasho, mshipa umesimama kwenye paji, nao haukuwa umelainika hata kidogo. Mguu mbaya uliteleza mara mbili. Mara zote mbili aliusimamisha tena akaendelea kusukuma.

Walipofika barabara ya murram vijana waliketi chini ya ukingo, vifua vikipanda na kushuka. Nehemiah alizunguka hadi dirisha la Mama, akatia kichwa ndani.

"Umeamkaje, Mama."

"Nimeamka. Mmenichelewesha."

"Nani alimwambia daktari akutoe kabla sijafika?"

"Uliza yeye. Mimi nilikuwa naletewanga uji hauna sukari, na miwa yote hii."

Akamfunika vizuri shuka iliyokuwa imeanguka begani. Kisha, bila kutoa kichwa dirishani, akasema na Elkanah.

"Mlango uko wazi. Mlaze upande wa dirisha, si ule mwingine, ule unavuja. Uwanja ni mkubwa, utazunguka." Akamgeukia. "Lakini usizunguke bado. Ningoje nitoke kwenye mizani. Nina maneno na wewe, na si mazuri."

"Nitakaa," Elkanah akasema.

Trekta ikapanda, ikapita, majani ya miwa yakikwaruza ubavu wa pikapu. Elkanah akateremka njia ile mpaka mwisho. Alimlaza mama yake upande wa dirisha, akakaa naye mpaka alipolala, kisha akatoka akaketi kwenye kigoda ukumbini. Saa za kukamua zikafika, zikapita; Awinja angejua la kufanya. Mara mbili alisikia trekta barabarani, zikapita. Mara ya tatu sauti ilikata kona, ikaanza kushuka kati ya miwa, tupu, trela ikirukaruka. Elkanah akavua kofia akaiweka gotini. Akaona haifai kumpokea ameketi. Akasimama, akaenda kumngoja langoni.