Kope Zote Mbili

Jicho langu la kushoto halifunguki lote. Nilizaliwa nalo hivyo, kope imelala nusu, na mtu asiyenijua hudhani namdharau. Wala hajakosea sana. Mimi ni fundi cherehani, nashinda na pini mdomoni, na mteja anayekuja kuulizia gauni ambalo jana nilimwambia halijawa tayari, namtazama kwa jicho hilo hilo mpaka aondoke mwenyewe.

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, tulimwita Kasuku. Tangu akiwa na mapengo ya utoto alikuwa hawezi kumwona mtu akapita bila kumwiga. Mimi ndiye niliyekuwa chakula chake cha kila siku: anabana midomo kama mwenye pini, anaangusha kope ya kushoto, halafu anasema, "Nimekwambia Ijumaa, hii ni Ijumaa?" Watu wanakufa kwa kicheko. Mimi namtupia chochote kilicho karibu, kisha nacheka pia, ningefanyaje?

Kaka yetu mkubwa hakuigwa mbele yake. Kaka ni mwashi, ndiye aliyetulea baada ya wazazi kutangulia, na maneno yake huyatoa kwa shida kama mtu anayetoa msumari ukutani. Akiwa na la maana hukohoa mara mbili, anasema, "Tuseme ukweli," na hapo ujue mtu anakwenda kulia. Kasuku alimwiga sawasawa, lakini alihakikisha kwanza kwamba pikipiki ya Kaka imeshakata kona.

Kasuku alikuwa mpangaji magunia kwenye ghala la nafaka, mtaa wa nyuma ya kibanda changu. Huko ghalani wana kanuni yao: ikivimba, hospitali, isipovimba, kazini. Kila mmoja ameshachomwa na nge au ameng'atwa na tandu chini ya yale magunia, na kweli, hao wakikugusa unavimba na kupiga kelele mtaa mzima ukusikie. Kwa hiyo wakajiaminisha kwamba sumu lazima ijitangaze. Kanuni ya kijinga. Lakini ilikuwa haijawaangusha, na jambo la kijinga lisipokuangusha miaka mingi unaliita uzoefu.

Asubuhi ile Kasuku aliingiza mkono kati ya gunia na chaga za mbao, akahisi kama amechomwa na kibanzi. Aliutoa mkono, na nyoka akaufuata nyuma, mwembamba, hana haraka. Wenzake wakampiga kwa sepetu. Mnyapara akaja, akamfunga mpira wa baiskeli juu ya kiwiko, akakitazama kidole. Vidoa viwili vidogo. Hakuna uvimbe, hakuna maumivu. Wakamnywesha maziwa, wakasubiri, wakatazama tena. Kidole kilikuwa kizima kuliko changu mimi kilichojaa matundu ya sindano. Mnyapara akatoa hukumu kwamba nyoka ameng'ata kavu, akampa ruhusa akapumzike.

Nyumbani kwake ni chumba cha uani kwangu, kwa hiyo wenzake wawili wakamleta kibandani, na nyoka yule wamembeba ndani ya mfuko kunionyesha. Mfuko wao niliamuru ubaki nje. Kasuku akakaa kwenye benchi la wateja, akaanza kusimulia jinsi mnyapara alivyoruka juu ya magunia, na tukacheka. Nilimwambia bora nyoka kuliko yeye, nyoka hang'ati kila siku. Ndiyo utani wetu.

Akaomba maji. Alipokunywa, maji yakarudi puani. Akapangusa, akataka kuendelea na hadithi, na sauti ikawa inatokea puani pia, nzito, maneno hayana kingo. Kisha kope zikaanza kushuka.

Wale wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akanipiga begani, akasema, "Fundi, anakuigiza wewe!"

Nilikuwa nimeshainua futi ya mbao nimchape. Mkono ukaishia hewani. Kasuku akiniiga huangusha kope ya kushoto peke yake. Jicho la kulia huliacha wazi, maana bila hilo ataonaje nimeudhika kiasi gani? Siku ile zilikuwa zimeshuka zote mbili. Nikamwambia anitazame. Aliinua kidevu, akanichungulia kwa chini, kama mtu anayetazama kwa upenyo wa mlango.

"Dada," akasema, "mbona mko wawili?"

Mate yalikuwa yanamtiririka na hajui. Wale wenzake bado walikuwa wanamsifu kwa kuniigiza vizuri, nikawatukana matusi ambayo mama angenifinya mdomo kwayo. Hapo ndipo mmoja akashtuka, na kwa kushtuka kwake akataka wembe ili akichanje kidole na kunyonya. Nikamwambia akimgusa mdogo wangu nitamshona mdomo kwa mashine. Nilimlaza ubavu mate yasimpalie, na mkono, kwa kuwa ulikuwa unaning'inia ovyo, nikaufunga kwenye ile futi kwa vitambaa usitikisike. Gari la ghala likaitwa, likatubeba hadi hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Vile vidoa vya kidole alivitupia jicho mara moja tu. Alitazama uso. Akamwambia Kasuku aangalie juu bila kuinua kichwa, hakuweza. Atoe ulimi, ukaishia kwenye meno. Ainue kichwa kwenye mto, kichwa kikabaki pale pale. Akawaita wauguzi, na sikupenda alivyowaita taratibu vile.

Tukisubiri dripu aliniambia mambo yote, na namshukuru, maana wengine hukuficha mpaka umkute mtu wako amefunikwa shuka. Alisema kuna nyoka wa kuvimbisha na kuozesha nyama, wapo wa kutoa damu, na wapo kama huyu, ambao sumu yao haigusi kidole. Inakata amri kati ya neva na misuli. Inaanza na kope, inashuka kooni, inamalizia kifuani. Ule mpira wa mkononi haukusaidia, lakini hakuukata papo hapo. Alisubiri dawa iwe mshipani na vifaa viwe tayari, ndipo akaulegeza kidogo kidogo, sumu isije ikaachiliwa yote kwa mkupuo. Na wale wawili waliosimama mlangoni na mfuko wao aliwafukuza. Alisema kichwa cha nyoka aliyekufa bado huweza kung'ata, na dalili za mgonjwa zilikuwa zimeshamweleza ni nyoka gani.

Dawa ilikuwepo. Lakini dawa ile, alisema, humkamata mwizi aliye barabarani. Aliyekwisha kuingia ndani hamtoi. Kifua kingelala, na kingeamka chenyewe kwa wakati wake. Mpaka wakati huo mtu lazima apumuliwe. Mashine ya kupumulia ilikuwa moja, na ilikuwa na mtoto wa watu. Kwa hiyo wakamwingiza mrija kooni, wakaunganisha mfuko wa mpira, na daktari akaniwekea mkononi.

"Ukipumua wewe, bonyeza," akasema. "Ataonekana maiti, lakini yumo ndani, anasikia. Msiseme mbele yake msichotaka akisikie."

Nikabonyeza. Kasuku alikuwa amezimika kabisa, hapepesi jicho, hakunji kidole. Uso ambao haujawahi kutulia hata usingizini ulikuwa umetulia. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile. Kila nikibonyeza kifua kilipanda, na nikiachia kilishuka, na nilijua nikisimama kujikuna tu mdogo wangu atakufa huku ananisikia najikuna.

Kaka alifika na saruji bado imemkaukia kwenye vidole. Hakuuliza. Alinawa, akaja akauchukua mfuko mikononi mwangu, na hakutaka kuuachia tena. Wauguzi walimwomba wampokee, akatikisa kichwa. Mimi nilimpokea alipokwenda haja tu, na alirudi mbio. Mikono ya Kaka ni mipana, ina sugu, imebeba matofali tangu akiwa kijana. Ilibonyeza mchana ule, ikabonyeza hadi kukapambazuka, ikabonyeza tena mpaka jua likafika dirisha la pili.

Hapo alikuwa hajala wala hajalala. Macho yake yalikuwa yamemkodolea Kasuku usoni, na Kasuku alikuwa na rangi ya majivu. Kaka akakohoa mara mbili.

"Tuseme ukweli," akasema. "Huyu ameshakwenda. Nimembeba tangu baba afe, na leo mikono imechoka. Mwacheni aende zake."

Nilimtazama. Midomo ilisema vile, na mikono wala haikusimama. Kubonyeza, kuachia. Kubonyeza, kuachia. Nilinyanyuka nimzibe mdomo, lakini alikuwa amekwisha kunyamaza, na alinitazama kama mtu asiyeelewa kwa nini nimesimama. Nikakaa. Nikamwambia Kasuku sikioni asisikilize. Upuuzi gani ule, kumwambia mtu asiye na namna ya kuziba masikio asisikilize.

Jioni kidole gumba cha mguu kilicheza. Kesho yake kope ya kulia ikajivuta ikafunguka, kisha ya kushoto. Daktari aliuchomoa mrija alipoona anaweza kuinua kichwa mwenyewe, na jambo la kwanza Kasuku alilolifanya ni kulia, bila sauti. Nikadhani ni furaha.

Siku za kurudiwa na nguvu hakusema mengi. Niliona ni koo. Wenzake wa ghalani walikuja na mnyapara wao, wamejaa aibu, maana ile kanuni yao waliifuta wenyewe na kutangaziana kwamba kila kilichong'ata ni hospitali, kivimbe kisivimbe. Kaka naye aliingia, amevaa shati lake la heshima, na mfuko wa machungwa. Alikuwa na furaha kiasi cha kunitia haya. Alicheka hata na mnyapara. Mmoja wao akasema Kasuku si Kasuku mpaka aige mtu, basi aige japo kidogo tujue kapona.

Kasuku akajiegemeza kwenye mto. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akakohoa mara mbili.

Wale wa ghalani wakaanza kucheka kabla hajasema kitu, kwa kuwa walikijua kile kikohozi.

"Tuseme ukweli," akasema, kwa sauti ya Kaka, ile ile, na uzito wake, na kukwaruza kwake. "Huyu ameshakwenda. Nimembeba tangu baba afe, na leo mikono imechoka. Mwacheni aende zake."

Kicheko kilikufa taratibu, mmoja baada ya mwingine, kila aliyemtazama Kaka akinyamaza. Kaka aliyaweka machungwa kwenye kijimeza. Akatoka.

Nilimgeukia Kasuku kwa hasira ambazo sikujua nizielekeze wapi. Nikamuuliza kama anajua ni nani aliyekuwa akimbonyezea pumzi muda wote huo, na hata wakati ule ule yale maneno yakitoka. Akasema alidhani ni mimi, au wauguzi. Macho yalikuwa yamefumba, alisikia sauti tu. Nikamwambia mikono ilikuwa ya Kaka. Haikuacha hata pumzi moja, nikamwambia, ingeacha usingekuwa hapa kumfedhehesha mbele za watu. Akageukia ukutani, akajifunika shuka.

Nilimkuta Kaka kwenye ngazi za nje, mikono imelala magotini. Alipojaribu kukunja ngumi haikukunjika. Alikuwa hajashika mwiko tangu siku ile, na mimi, fundi wa kuona mshono uliopinda kwa mbali, nilikuwa sijaliona hilo.

"Nilisema?" akaniuliza.

Nikamwambia alisema.

"Nilidhani nimewaza tu," akasema. Akaitazama ile mikono. "Wallahi, nilidhani nimewaza."

Nilikaa kando yake, nikauchukua mkono mmoja mmoja nikaukanda, naye akaniruhusu. Ndani, kupitia dirishani, nilimsikia Kasuku akikohoa, safari hii kikohozi cha kweli cha koo lililochubuliwa na mrija, na Kaka akashtuka kama aliyeitwa.

Kasuku alimwomba radhi, Kaka akasema hakuna cha kuombana radhi ndugu kwa ndugu. Mambo yakaishia hapo, kwa maneno. Kasuku amerudi ghalani, anamwiga mnyapara, anamwiga daktari wake, ananiiga mimi kwa kope moja kama zamani, na mimi namtupia vitu. Kaka tu ndiye hamwigi tena. Na Kaka naye, Jumapili tukiwa tunakula kwangu sote watatu, mara nyingine ana neno na anakohoa. Mara moja. Tunaacha kutafuna, tunangoja ya pili. Yeye anatazama sahani yake, anaomba chumvi.